Chupa ikishatupwa, nani aifuate?

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mtu anayekutwa Tanzania Bara na mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kufungwa hadi siku saba, au vyote viwili. Anayeutengeneza au kuuingiza nchini ana mzigo mkubwa zaidi: faini inayoanzia shilingi milioni 20 na kufika bilioni moja, au kifungo kisichozidi miaka miwili. Kanuni hizo hizo ziliacha mlango wazi kwa vifungashio. Plastiki ya kufungia dawa, vyakula vya viwandani, pembejeo za kilimo na vifaa vya ujenzi iliruhusiwa kuendelea, na ilikuwa sawa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kununua maziwa kwenye kikapu cha ukili. Lakini angalia tumefika wapi. Mama anayerudi sokoni na nyanya kwenye rambo ana kosa mbele ya sheria. Kampuni inayojaza soko chupa za maji na vipakiti vya sabuni haina kosa lolote, wala hakuna anayeiuliza chupa hizo ziliishia wapi.

Siubezi mzuio ule. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya Agosti 2017, na kila mahali mabadiliko yalionekana kwa macho. Ila tukumbuke kilichofanya kazi. Hatukuamka asubuhi ya Juni mosi tukiwa watu wasafi kuliko jana yake. Mifuko ilitoweka madukani, basi. Uamuzi ulifanyika juu, kiwandani na bandarini, na tabia ya chini ikafuata. Ninapozungumzia vifungashio, hapo ndipo ninaposimama: wajibu wa kwanza ni wa yule anayechagua bidhaa ifungwe kwa nini. Wapo wanaopinga kwa hoja nzito, na baadhi ya hoja zao sijaona zikijibiwa vizuri na sisi tunaopenda kuyanyooshea kidole makampuni.

Hoja yao ya kwanza inajulikana: plastiki haijipeleki mtaroni, inatupwa na mtu. Panda daladala ya Mbagala, Dar es Salaam, saa za jioni uone chupa zinavyotoka madirishani. Tembea kando ya Mto Msimbazi baada ya mvua ya kwanza ya masika. Kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Jangwani kimezama mara kadhaa, na ingawa bonde lile lina matatizo mengine makubwa, mchanga unaoshuka kutoka juu na ujenzi ndani ya njia ya maji, mitaro iliyozibwa na taka haisaidii. Watu hawa wanasema elimu kwanza, faini kwa mtupaji, usafi wa kila mwezi. Na usafi tumeufanya. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, Rais Magufuli akashika ufagio mwenyewe, nchi nzima ikatoka nje. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi.

Mimi naipenda Jumamosi ile. Inawakutanisha majirani ambao wangepishana mwezi mzima bila salamu. Lakini usafi huhamisha taka, haupunguzi. Chupa iliyotolewa mtaroni Tandale ikapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi imeondoka machoni petu, ipo palepale duniani, na wiki inayofuata nyingine mpya imeshaingia dukani. Ukiona kampuni inafadhili fulana na glovu za siku ya usafi, ishukuru, kisha iulize imepanga kupunguza nini katika uzalishaji wake. Wamarekani walipitia njia hii kabla yetu. Mwaka 1953 jimbo la Vermont lilipiga marufuku bia kuuzwa kwenye chupa zisizorudishwa. Mwaka huo huo makampuni ya vinywaji na vifungashio yakashiriki kuanzisha shirika la kuhamasisha usafi, Keep America Beautiful, ambalo ujumbe wake kwa miaka mingi ulimlenga mtupaji taka. Sheria ya Vermont ilikufa mwaka 1957. Shirika lipo hadi leo.

Kwetu hapa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfumo mbadala, kwa sababu tulikuwa nao. Aliyekulia nchini miaka ya themanini na tisini anaujua: hununui soda bila chupa tupu. Kama huna, unaacha hela ya chupa, au unakunywa hapo hapo dukani ukiwa umesimama na muuzaji akikuangalia. Nyumba ikiwa na shughuli, kreti zinaazimwa na zinahesabiwa, na chupa ikipotea kuna mtu atailipa. Lori lililoleta soda liliondoka na tupu, kiwandani zikaoshwa, zikajazwa tena. Hakukuwa na kampeni, wala bango la kutukumbusha kuipenda bahari. Chupa ilikuwa na thamani mkononi mwa kila aliyeigusa, tangu kiwandani hadi kwa mtoto aliyetumwa dukani, kwa hiyo ilirudi. Bia nyingi bado zinauzwa kwa utaratibu huo, na ni nadra kukuta chupa nzima ya bia imelala mtaroni ikisubiri mvua.

Soda na maji vilipohamia plastiki, kila upande wa biashara ulipata nafuu. Kampuni iliepuka kuosha, kurudisha na kuvunjikiwa. Muuzaji aliacha kulinda kreti. Na mnunuzi naye alipata, hili lisemwe wazi: abiria wa basi anaposimama stendi ya Msamvu, Morogoro, dakika kumi anaweza kununua kinywaji akaondoka nacho, bila kuacha hela ya chupa asiyoweza kuja kuidai. Gharama haikufutika. Ilihama kutoka kwenye hesabu za kiwanda ikaenda kwa watu ambao hawakukaa kwenye mazungumzo yoyote: mtaa usio na gari la taka, mvuvi anayevuta jarife limejaa mifuko, mkazi wa bondeni ambaye maji yamekosa njia. Hapo ndipo neno wajibu linapopata uzito. Aliyeokoa fedha kwa kubadili chupa ndiye mwenye uwezo wa kuibadili tena.

Sasa tuwasikilize wenye viwanda, maana wana la kusema. Chupa ya plastiki ni nyepesi. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hubeba kinywaji badala ya kubeba kioo, na dizeli inayookolewa ni nyingi. Kuosha chupa za kioo kunataka maji mengi ya moto na dawa kali. Halafu kuna afya. Katika mji ambao kipindupindu hurudi, maji yaliyofungwa vizuri ni kinga, na kabla ya chupa ndogo kuwa nafuu watu walikunywa maji ya kandoro yaliyofungwa kwenye vifuko, mengine bila kujulikana yamechemshwa wapi. Na kuna hoja ya usawa inayoniumiza kichwa zaidi kuliko zote hizo: sheria ikimbana mzalishaji, itambana yule mwenye anwani, namba ya mlipakodi na geti linalojulikana. Anayejaza maji kwenye chumba cha uani na kubandika lebo ya kuchapisha mtaani hatasajiliwa popote. Atauza kwa bei ya chini kuliko aliyetii sheria, na plastiki itaongezeka badala ya kupungua.

Kisha wanauliza: nani atalipa mwisho wa siku? Kenya ilipata jibu kwa njia ngumu. Muswada wa Fedha wa 2024 ulileta tozo ya mazingira kwenye bidhaa zikiwemo nepi, simu na vifungashio vya plastiki. Kwa maandishi, mlengwa alikuwa mzalishaji na mwagizaji. Mtaani kila mtu aliisoma kama bei mpya ya nepi. Tozo ile haikuwa sababu pekee ya hasira iliyojaa barabara za Nairobi Juni ile hadi muswada mzima ukaondolewa, lakini ilikuwa moja ya zilizotajwa sana. Ilikuja ndani ya muswada wa kodi, ikaonekana kodi, na mzazi hakuonyeshwa senti yake ingeondoa taka gani.

Nadhani wenye viwanda wako sahihi kwamba gharama itamfikia mlaji. Wanakosea wanapodhani hilo linamaliza mjadala. Mlaji anailipa leo pia, ila anailipa gizani: kwa ada ya taka, kwa hospitali mafuriko yakipita, kwa moshi wa plastiki inayochomwa uani kila jioni. Tofauti ni hii. Gharama ikiwa ndani ya bei ya chupa, kampuni inayotumia plastiki kidogo au inayokusanya chupa zake inaweza kuuza rahisi kuliko mwenzake, kwa hiyo ina sababu ya kubadilika. Gharama ikiwa kwenye mtaro wa Tandale, hakuna mhasibu yeyote anayeiona.

Kenya yenyewe haikuishia kwenye tozo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zilizotangazwa Novemba 2024 zinamtaka mzalishaji na mwagizaji kubeba wajibu wa bidhaa yake hadi baada ya kutumika, peke yake au kupitia chombo cha pamoja kama KEPRO au PETCO, ambayo ilianza 2018 kwa chupa za vinywaji. Mwanachama analipia kiasi anachoingiza sokoni, fedha inakwenda kwenye ukusanyaji na urejelezaji. Naiona ni hatua kubwa. Shaka yangu ni juu ya usimamizi. Chombo kinachomilikiwa na wanaotakiwa kubanwa kitakuwa na hamu gani ya kuhesabu kila kilo? Na fedha hiyo itafika wapi? Dampo la Dandora jijini Nairobi lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori yameendelea kumwaga humo. Mtu anayefukua taka pale kwa mikono hatajua kama sheria imepita mpaka bei ya kilo yake ipande.

Huyo ndiye mtu anayesahaulika zaidi katika mabishano haya. Wakati sisi tunagombana kama mwenye kosa ni mtupaji, kampuni au halmashauri, muokota chupa ameshaamka saa kumi alfajiri na kiroba mgongoni. Yeye ndiye mfumo wetu wa urejelezaji. Anajua kwa vidole yale ambayo wataalamu huandika kwenye ripoti: chupa nyeupe ya maji inauzika, ya rangi inauzika kwa taabu, dumu na ndoo zina bei nzuri, kipakiti cha shampuu ni takataka. Hajakionea kipakiti. Kimetengenezwa kwa tabaka za plastiki tofauti, mara nyingi na karatasi ya alumini, vikagandishwa pamoja kiasi kwamba kuvitenganisha kunagharimu kuliko thamani yake. Uamuzi huo ulifanyika kwenye chumba cha ubunifu. Hakuna kiwango cha elimu kwa raia kitakachokifanya kipate mnunuzi kwenye mizani, pale chupa zinaponunuliwa kwa kilo.

Kinyume chake pia ni kweli, kwamba uamuzi mmoja wa kampuni unaweza kufanya kazi ambayo kampeni za miaka haziwezi. Mwaka 2022 Sprite ilitangaza Marekani kuwa inaacha chupa ya kijani na kutumia nyeupe, ili chupa iweze kurudi kuwa chupa. Mnywaji hakuombwa abadilishe chochote. Lakini ni kampuni hiyo hiyo mama, Coca-Cola, ambayo mwaka huo iliahidi kwamba ifikapo 2030 robo ya vinywaji vyake ingeuzwa katika vyombo vinavyotumika tena, na Desemba 2024 ikaliondoa lengo hilo kwenye orodha yake. Ndiyo maana ahadi za hiari hazinitoshi. Aliyeahidi bila sheria anaweza kuifuta ahadi bila faini.

Tatizo jingine la muokota chupa ni kwamba mshahara wake unaamuliwa na soko la mafuta ghafi. Mafuta yakishuka bei, plastiki mpya inakuwa rahisi kuliko ya kurejelezwa, kiwanda kinapunguza kununua, mwenye mizani anashusha bei, na chupa zinabaki mtaani hata kama waokotaji wapo. Mwaka 2020 dunia iliona hilo. Fedha ya wazalishaji ingefaa iingie hapa kabla ya kwingine kote: kuhakikisha bei ya kilo haishuki chini ya kiwango ambacho mtu anaweza kuishi nacho.

Kuhusu halmashauri sina mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeziachia taka ngumu mikononi mwao, na ndani ya sheria hiyo hiyo imo kanuni kwamba mchafuzi alipe. Zinakusanya ada, zinaajiri wakandarasi, gari linakuja au halifiki. Wanaotaka wajibu wote uwe wa serikali wana haki ya kudai gari lije. Ila tani za plastiki zinaongezeka kila mwaka na hakuna halmashauri iliyoshauriwa kabla ya bidhaa mpya kuingia sokoni.

Sehemu ngumu kuliko zote ni vipakiti, na hapa ninaomba wenzangu wa upande wa mazingira tusiwe wepesi. Kibarua anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Sabuni ya unga ya kufulia leo, mafuta ya kichwa ya wiki hii, kahawa ya kikombe kimoja. Wakenya huita uchumi wa kadogo. Ukisema vipakiti vipigwe marufuku kesho, unamwambia mtu mwenye shilingi elfu moja kwamba sabuni sasa inaanzia elfu tatu. Zaidi ya hapo, tumeshaona jinsi marufuku ya haraka inavyoumiza. Viroba vya pombe kali, vile vipakiti vidogo vya plastiki, vilipozuiwa tarehe 1 Machi 2017, wafanyabiashara walilalamika kwamba wamebaki na mzigo waliokwisha kuulipia. Mimi naunga mkono viroba kuondoka, kwa ajili ya vijana kuliko hata kwa ajili ya mitaro, lakini muda uliotolewa ulikuwa mfupi mno.

Hata hivyo, kununua kidogo hakujaanza na kipakiti. Duka la Mangi, lile duka dogo la mtaani, lilikuwa linapima kabla hatujasikia habari za vifungashio vya tabaka tatu. Mafuta ya kula kutoka kwenye dumu, sukari kwenye karatasi iliyosokotwa, mafuta ya taa kwa kibaba. Unakuja na chupa yako, unaondoka na kiasi cha hela yako. Wapinzani watasema, na wako sahihi, kwamba dumu lililofunguliwa halina alama ya TBS, shirika la viwango, inayoweza kuaminiwa, kwamba mafuta yanachanganywa na maziwa yanatiwa maji. Kwa chakula na dawa nakubali: kifungashio kilichozibwa kinamlinda maskini kuliko mtu yeyote. Kwa sabuni ya maji, sabuni ya unga na shampuu sioni kwa nini kampuni zenye mtandao wa kufikisha bidhaa hadi kijiji cha mwisho zishindwe kuweka chombo cha kupimia kilichofungwa kwa kufuli lao, chenye jina lao, ambacho mwenye duka hawezi kukichakachua. Mnunuzi wa mia mbili ataendelea kununua ya mia mbili. Zipewe miaka kadhaa, tarehe ya mwisho iandikwe kwenye sheria, na kipakiti kitakachobaki sokoni baada ya hapo kilipiwe ghali na aliyekitengeneza.

Mataifa yamejaribu kukubaliana juu ya haya na yameshindwa, angalau hadi sasa. Machi 2022, Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliamua kuandaa mkataba wa plastiki. Busan mwishoni mwa 2024 hawakuafikiana, Geneva Agosti 2025 hawakuafikiana. Waliotaka kiwekwe kikomo cha uzalishaji, Rwanda ikiwa miongoni mwa viongozi wao pamoja na Norway, waligongana na nchi zenye mafuta zilizotaka mkataba uhusu usimamizi wa taka tu. Ni ugomvi uleule wa daladala na kiwanda, ukiwa na wakalimani. Takwimu za OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi zikiwa tajiri, za mwaka 2019 zinaonyesha tani milioni 353 za taka za plastiki duniani, karibu asilimia 40 zikiwa vifungashio, na asilimia 9 tu ya taka zote ikarejelezwa. Kwa hesabu hizo, anayetuambia tuendelee kuzalisha tu kwa kuwa tutarejeleza anatakiwa atuonyeshe hiyo asilimia 91 ataiweka wapi.

Tanzania inaweza kuanza bila kungoja Geneva, na ingeanzia kwenye chupa za vinywaji, kwa sababu mazoea tunayo. Turudishe hela ya chupa, kwa plastiki, kwa kiwango kimoja kwa kila chapa, ya ndani na ya nje. Anayeileta chupa alipwe, awe mnywaji, muokotaji au kondakta aliyefagia basi lake. Ujerumani imekuwa ikifanya hivyo tangu 2003 kwa senti 25 za euro, na chupa karibu zote zinarudi. Norway imekwenda mbele zaidi: kodi ya mazingira kwenye chupa hupungua kadiri zinavyokusanywa, na zikifika asilimia 95 kodi inafutika, hivyo kampuni zenyewe zinazisaka chupa zao. Hata yule mjazaji wa uani ataguswa, kwa sababu chupa isiyo na alama ya malipo wateja wataiona ina hasara, na hakuna mwenye mizani atakayeipa bei sawa.

Kuna jambo moja katika mpango kama huu ambalo likikosewa litauharibu wote. Si kila chupa itarudi, na hela za zile zisizorudi zitakuwa nyingi, hasa miaka ya mwanzo. Zikibaki kwa kampuni, kampuni itapata faida kwa kila chupa inayopotea baharini. Zikienda hazina kuu, zitayeyuka kama tozo nyingine. Ziwekwe kwenye mfuko wake, hesabu zitangazwe kila mwaka, waokota chupa wawe na viti kwenye bodi yake, na kazi yake ya kwanza iwe kununua ile plastiki ambayo leo hakuna anayeiinamia.